Mwenye nyumba mpya ni mkopeshaji asiyejijua

Kuanzia tarehe 1 Mei 2026, mwenye nyumba wa England hawezi tena kumwondoa mpangaji bila kutaja sababu. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Nyumba ya 1988, kilichomruhusu kufanya hivyo kwa notisi ya miezi miwili, kimeondolewa na Sheria ya Haki za Wapangaji iliyoidhinishwa tarehe 27 Oktoba 2025. Anayetaka kumtoa mpangaji kwa sababu ya deni la kodi, na kwa njia ambayo hakimu hana budi kuikubali, sasa inabidi deni lifike miezi mitatu badala ya miwili, na notisi yake ni wiki nne badala ya mbili. Wengi walioipokea habari hiyo wameisoma kwa namna moja: wapangaji wamepewa ruhusa ya kukaa bure, na mtu aliyejinyima miaka mingi mpaka akapata nyumba yake ya kwanza ya kupangisha ameachwa mikono mitupu. Naelewa hofu hiyo, lakini naona imeelekezwa pasipo pake. Sheria imegusa kinachotokea mwezi wa tatu wa deni. Kinachoamua kama mwenye nyumba mpya atapata kodi yake au ataipoteza hutokea siku kumi za kwanza, na hapo sheria haijamzuia kufanya lolote la maana. Kinachomwangusha ni kutotambua kwamba siku alipokabidhi funguo aliingia katika kazi ya kukopesha.

Tuanze na sheria zenyewe, maana England si nchi pekee iliyozigusa siku za karibuni na wala hazielekei upande mmoja. Ufaransa ilifanya kinyume. Sheria yake ya Julai 2023 ilipunguza muda anaopewa mpangaji kulipa deni baada ya kukabidhiwa amri ya malipo kutoka miezi miwili hadi wiki sita, ingawa imebaki palepale kanuni kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, kipindi cha baridi, kwa kawaida mtu hatolewi nyumbani hata kama mahakama imekwisha kuamua. Ujerumani ina utaratibu wa tatu. Kodi ya miezi miwili mfululizo isipolipwa, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba papo hapo. Lakini mpangaji akilipa deni lote kabla ya miezi miwili kupita tangu akabidhiwe hati ya mashtaka, uvunjaji huo unabatilika na anabaki ndani, na nafasi hiyo haipati mara mbili ndani ya miaka miwili. Mtu anaweza kubishana ni nchi ipi imepima vizuri zaidi. Mimi navutiwa na jambo ambalo zote tatu zinafanana: hesabu yao ni ya wiki na miezi. Hakuna hata moja inayokurudishia chumba wiki ileile kodi iliyokosekana, na haikuwahi kuwa hivyo hata kabla ya mabadiliko haya. Mwenye nyumba aliyetegemea sheria imwokoe alikuwa anasubiri miezi tangu zamani. Sasa anasubiri wiki kadhaa zaidi, au pungufu, kutegemea alipo.

Ndiyo maana nasema ni mkopeshaji. Kodi inayolipwa mwanzo wa mwezi huficha jambo hilo, kwa sababu mpangaji anapolipa kwa wakati, yeye ndiye anayekuwa ametangulia. Lakini asubuhi ya siku ya pili baada ya tarehe ya kodi kupita, mambo yamegeuka. Mtu analala ndani ya mali yako, na kila usiku unaopita ni kiasi kingine unachomkopesha bila kuandikishana, bila riba, bila mdhamini, na mara nyingi bila kujua anapata wapi pesa. Benki ikimkopesha mtu huyohuyo kiasi kilekile, ingemwomba uthibitisho wa kipato, ingepanga tarehe za marejesho zinazofuata siku anayolipwa, ingetenga fungu la kufidia mikopo itakayoharibika, na siku rejesho la kwanza linapokosekana ingempigia simu kabla ya saa sita mchana. Mwenye nyumba mpya hana hata moja kati ya hayo. Ana amana, ile pesa mpangaji aliyoiweka alipoingia. Nayo tuitazame ilivyo: huko England, kwa nyumba nyingi, sheria ya 2019 imeiwekea kikomo cha kodi ya wiki tano. Miezi mitatu ni kama wiki kumi na tatu. Kwa hiyo deni likifika pale ambapo hakimu analazimika kukusikiliza, amana yako imefunika wiki tano tu kati ya hizo, na bado hujahesabu notisi, foleni ya mahakama, wala ukuta utakaohitaji rangi.

Anayejiona ni mmiliki tu huona kodi iliyochelewa kama dharau. Anayejua kwamba amekopesha huiona kama taarifa, na jambo la kwanza analolitafuta ni maelezo yake. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo kwenye maandishi, lakini ndiyo inayoamua mtu afanye nini siku ya tatu.

Nilipopangisha kwa mara ya kwanza, mpangaji wangu alichelewa mwezi wa tano. Nilikaa kimya wiki saba. Nilijiambia ni ustaarabu, kumbe nilikuwa naona haya kumdai mtu mzima mwenzangu. Nilipopata ujasiri wa kugonga mlango, alisema, "Nilijua utakuja, kaka. Kila siku iliyopita iliniongezea aibu ya kukutafuta." Mwajiri wake alikuwa amehamisha siku ya mshahara kutoka mwisho wa mwezi hadi tarehe 12. Mshahara wa kwanza ulipoingia tarehe hiyo, wadai wengine walikuwa wamekwisha kumpigia simu, naye akawalipa waliopiga. Mimi sikuwa nimepiga. Tatizo ambalo lingeisha kwa kusogeza tarehe ya kodi siku kumi na mbili mbele lilikuwa limegeuka deni la miezi miwili, na deni hilo lilichukua miezi minane kumalizika.

Sikisimulii kisa hicho kwa sababu ni cha ajabu. Nakisimulia kwa sababu kinaonyesha pesa ya mtu aliyebanwa inavyotembea. Mtu mwenye madeni matano na pesa ya kulipa matatu hakai na kalamu kupima lipi ni la haki zaidi. Analipa linalomuumiza leo. Shule imemrudisha mtoto, mkopo wa pikipiki unadaiwa kila wiki, umeme umekatika. Kodi ya nyumba ndilo deni kubwa kuliko yote na ndilo lenye matokeo ya mbali kuliko yote, kwa hiyo ndilo linalosogezwa kwanza. Mwenye nyumba anayenyamaza hajamwachia mpangaji nafasi ya kupumua. Amejiweka mwenyewe mwisho wa foleni, na foleni hiyo hujipanga upya kila mshahara unapoingia.

Kwa hiyo siku ya pili au ya tatu mtu anapaswa kuzungumza, na mazungumzo hayo yanahitaji majibu ya maswali matatu tu: kumetokea nini, pesa inatarajiwa lini, na leo kinapatikana kiasi gani. Hayahitaji hasira wala utangulizi mrefu. Linaloyafanya yawe na thamani ni kwamba majibu yanatenganisha watu ambao kwenye daftari wanaonekana sawa. Kuna ambaye pesa yake ipo lakini tarehe zimepishana. Huyo anahitaji tarehe mpya ya kodi, basi. Anayelipwa kwa wiki huenda akaweza kulipa kila wiki kiasi ambacho kwa mwezi mzima hakikai mfukoni. Benki ya Grameen ya Bangladesh ilijijenga kwa kuwakopesha watu wasio na dhamana na kukusanya marejesho madogo kila wiki, na mpangaji wa aina hii hana tofauti kubwa na mkopaji wa aina ile. Kuna aliyepoteza kazi, na hapo swali zito ni kama ana matarajio ya kipato kingine ndani ya wiki nane au hana. Kuna ambaye aliingia na mwenzake wakigawana kodi, mwenzake ameondoka, na aliyebaki hawezi kuibeba peke yake hata ukimpa mwaka mzima. Huyu hasaidiwi na subira. Anasaidiwa na ruhusa ya kuleta mwenza mwingine au ya kuondoka kabla deni halijamfuata. Na yupo, kwa kweli yupo, ambaye hana nia ya kulipa.

Yupo pia mmoja ambaye wenye nyumba wapya humsoma vibaya kuliko wote: anayezuia kodi kwa sababu bomba limepasuka tangu mwezi uliopita au paa linavuja juu ya kitanda. Kwenye daftari ni mdaiwa kama wengine. Ukimwandikia notisi, unakwenda mahakamani kudai pesa huku mwenzako akiwa na picha za dari. Katika nchi nyingi, England ikiwamo, mpangaji anaweza kudai fidia ya ubovu huo na fidia ikatolewa kwenye deni, na deni likishuka chini ya kiwango kinachotakiwa, kesi yako inakosa mguu wa kusimamia. Fundi bomba angegharimu sehemu ndogo ya hayo yote. Nimewaona watu wakitumia miezi kumthibitishia mpangaji kwamba hana haki ya kuzuia kodi, na huenda kisheria walikuwa sahihi, lakini maji yaliendelea kuingia ndani ya nyumba ambayo ni yao.

Wapo watakaosema nimekuwa mlaini. Hoja yao ina methali yake, na methali hiyo haikuzuka bure: ukicheka na nyani utavuna mabua. Wanasema mpangaji mmoja akiona kuchelewa kunavumiliwa, wa chumba cha pili atajua kabla ya jua kuzama. Wanasema mwenye nyumba mpya mara nyingi anarejesha mkopo aliojengea, na benki haimsikilizi anapoeleza kwamba mtu wake ameachishwa kazi. Wanasema, na hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwamba ikiwa sheria inachukua miezi, basi mwenye busara huanza mchakato siku ya kwanza, maana kila wiki ya upole mwanzoni ni wiki nyingine ya hasara mwishoni. Siidharau hoja hii. Ningemshauri mtu yeyote aandike barua rasmi ya deni mapema, aihifadhi nakala, na ajue tarehe ambayo sheria ya mahali alipo inamruhusu kutoa notisi. Pale wanapokosea ni kudhani kwamba ukali na mazungumzo ni njia mbili na lazima uchague moja. Benki hupiga simu siku ya kwanza na kuandika barua siku ya saba, na hakuna anayeiona simu ile kuwa udhaifu. Ukali unaofanya kazi ni wa tarehe: umesema ijumaa, ijumaa ikifika unauliza. Mpangaji wa chumba cha pili hajifunzi uzembe kwa kuona mwenzake amepewa mpango wa malipo ulioandikwa na kufuatiliwa. Anajifunza kwa kuona miezi miwili imepita na hakuna aliyesema neno.

Wapo pia wanaosimama upande wa pili, nami kwa moyo niko karibu nao zaidi: mtu amepatwa na shida, ana watoto, mpe muda. Huruma hiyo ni ya kweli na wengi wanaoionyesha ni watu wema. Lakini huruma isiyo na tarehe humdhuru yule inayekusudiwa kumsaidia. Deni la mwezi mmoja mtu wa kipato cha kawaida anaweza kulilipa kidogo kidogo. Deni la miezi minne haliwezi kwa njia yoyote, na mtu akishajua hawezi, haachi kulipa lile la nyuma tu, anaacha kulipa kabisa, kwa sababu kila anachotoa kinazama kwenye shimo ambalo halioni kina. Kuna familia zilizohama usiku, zikiacha vyombo, kwa deni ambalo hakuna aliyewahi kuwakalisha chini kuwauliza. Na wapo wema wanaosema mwenye nyumba ana mali hivyo anaweza kungoja. Wanamfikiria mwenye majengo kumi. Mwenye nyumba moja, iliyojengwa kwa kiinua mgongo au kwa mkopo, akikosa kodi ya mwezi mmoja amekosa theluthi ya mapato ya robo mwaka, na huenda ndiyo pesa aliyokusudia kuziba lile paa.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo hasira na huruma zote mbili hupoteza mtu. Chukua mpangaji mwenye deni la mwezi mmoja. Tuseme unaamua kumtoa, na tangu leo mpaka atoke inapita miezi mitatu asiyolipa. Chumba kinakaa wazi mwezi mmoja ukitafuta mwingine. Rangi, kufuli, matengenezo na dalali vinakula kodi ya mwezi mmoja tena. Jumla umepoteza kodi ya miezi sita, kabla ya gharama za kesi, na amana inarudisha kama mwezi mmoja kati ya hiyo. Sasa tuseme badala yake mnaandikiana kwamba kuanzia mwezi ujao atalipa kodi kamili na kuongeza moja ya sita ya deni, kwa miezi sita. Akitimiza, hujapoteza kitu ila uvumilivu. Akishindwa mwezi wa tatu, umekwisha kupokea kodi ya miezi miwili na theluthi ya deni, na uko palepale ulipokuwa mwanzoni ukiwa na haki zilezile za kwenda mahakamani. Mpango ulioshindwa haukukugharimu chochote, mradi kodi ya mwezi unaoendelea ililipwa muda wote mpango ukiwa hai.

Sharti hilo la mwisho ndilo moyo wa hesabu yote na ndilo linaloachwa mara nyingi. Mwenye nyumba aliyekasirika hudai deni kwanza. Mpangaji anatoa alichonacho, deni la zamani linapungua, na kodi ya mwezi huu inakosekana. Mwezi unaofuata mambo ni yaleyale, na mwaka unaisha wote wawili wakiwa wamechoka na deni likiwa halijasogea. Kodi ya sasa itangulie, deni lifuate nyuma kwa kiasi kidogo kinachowezekana. Na kama mtu, baada ya kueleza kipato chake chote, hawezi kulipa hata kodi ya sasa, basi hakuna mpango wa kuandika. Hapo mazungumzo ya heshima ni ya namna ya kuondoka, na mara nyingi kumsamehe sehemu ya deni ili akabidhi funguo baada ya wiki mbili ni nafuu kuliko kushinda kesi baada ya miezi mitano. Najua hilo linauma. Linaonekana kama kumlipa mtu kwa kukukosea. Mkopeshaji huliita kukata hasara na hulala usingizi.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Mahali pengine, kupokea sehemu ya kodi baada ya kutoa notisi huifuta notisi hiyo, kwa kuwa umechukuliwa kuwa umekubali mkataba uendelee. Majimbo mengi ya Marekani yana kanuni ya namna hiyo. Kwa hiyo anayepokea pesa baada ya notisi aandike inapokelewa kwa ajili ya nini, na amuulize mwanasheria wa mahali pale kabla ya kuipokea badala ya baada.

Katika mabishano haya yote, hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema: nyumba ni yangu, asiyelipa ni mwizi, nabadilisha kufuli. Au nakata maji. Au natoa mlango. Husikika hasa kutoka kwa watu waliokaa kimya miezi mitatu, na nadhani hilo si bahati mbaya, maana ukimya mrefu hukusanya hasira. Mpangaji asiyelipa ni mdaiwa. Mkataba ulimpa haki ya kukaa, na haki hiyo haiishi pesa inapokosekana ila inaishia pale sheria inaposema imeishia. Huko England, chini ya sheria ya 1977, kumtoa mpangaji nyumbani kinyume cha sheria ni kosa la jinai, na majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu mwenye nyumba kujichukulia hatua mwenyewe. Lakini tuache sheria kando, tuipime hoja kwa faida yake yenyewe. Asubuhi ya siku unapobadilisha kufuli wewe unadai. Jioni unadaiwa: vyombo vilivyopotea, usiku wa hotelini, mtoto aliyelala nje. Umechukua kesi ambayo ungeishinda kwa daftari na risiti, ukaigeuza kesi inayokuhusu wewe. Na chumba bado hakina mpangaji.

Daftari na risiti ni jambo ambalo wengi hulipita haraka, nami nataka kukaa nalo kidogo, kwa sababu Marekani ililipa gharama kubwa kulijifunza. Tarehe 4 Septemba 2020, katikati ya janga la korona, serikali ilisimamisha kwa muda uondoaji wa wapangaji walioshindwa kulipa. Amri hiyo ilisema wazi kwamba kodi bado inadaiwa. Iliahirisha kutolewa, haikufuta deni. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliizima tarehe 26 Agosti 2021. Katikati ya tarehe hizo mbili, Bunge lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kulipa malimbikizo ya kodi, pesa ambayo kwa sehemu kubwa ingeingia mikononi mwa wenye nyumba wenyewe. Lakini mpaka mwisho wa Julai 2021 zilizotoka zilikuwa kama dola bilioni 5. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia ofisi zisizo na wafanyakazi mpaka fomu ndefu, na mojawapo ilikuwa karatasi: mikataba ya mdomo, kodi zilizolipwa mkononi bila risiti, madai yasiyo na tarehe, wapangaji wasioweza kuthibitisha kipato. Agosti hiyo Wizara ya Fedha ikalazimika kusisitiza kwamba maelezo ya mpangaji mwenyewe yakubaliwe pale nyaraka zinapokosekana. Walikuwepo wenye nyumba waliodaiwa na benki huku pesa ya kuwalipa ikiwa imetengwa, na kilichokosekana kati yao na pesa hiyo ni ukurasa mmoja unaosema nani anadaiwa kiasi gani tangu lini. Hata kama hakuna serikali itakayokulipia deni la mtu, ukurasa huo ndio utakaouonyesha kwa hakimu, kwa msuluhishi, na kwa mpangaji mwenyewe anayeamini kwa dhati kwamba alilipa mwezi wa nne.

Kama nimeeleweka, mjadala wa England unahamia mahali pengine. Swali la kama kiwango kiwe miezi miwili au mitatu lina uzito, hasa kwa kuwa sheria mpya haihesabu deni lililotokana na msaada wa serikali uliochelewa kumfikia mpangaji, jambo ambalo kwangu ni la haki kabisa. Lakini nchi hiyohiyo imekuwa na utaratibu wa siku nyingi unaowataka wenye nyumba wa makazi ya kijamii, yaani halmashauri na mashirika yanayopangisha kwa bei nafuu, wawasiliane na mpangaji mapema deni linapoanza, wazungumzie sababu, na wajaribu kukubaliana marejesho yanayowezekana kabla ya kukimbilia mahakamani. Mwenye nyumba binafsi, ambaye ana uzoefu mdogo na akiba ndogo kuliko mashirika hayo, hakuwekewa mwongozo wenye uzito huo. Jiji la Philadelphia, Marekani, mwaka 2020 liliwataka wenye nyumba kupitia usuluhishi kwanza, mpangaji na mwenye nyumba wakiketi na mtu wa tatu, kabla kesi haijafunguliwa. Watunga sheria wa mahali popote wanaotaka kumlinda mpangaji bila kumfilisi mwenye chumba kimoja wangeanza hapo, kwenye wiki ya kwanza, kabla ya kuvutana juu ya mwezi wa tatu.

Na kwa anayefikiria kununua au kujenga nyumba ya kupangisha, jambo hili linapaswa kuingia kwenye hesabu kabla ya tofali la kwanza. Wengi huzidisha kodi ya mwezi kwa kumi na mbili na kuiita jumla hiyo mapato. Mwezi mmoja tu wa chumba kuwa wazi unaondoa asilimia 8 ya jumla hiyo. Deni moja lililoshindikana, kwa mfano wetu wa juu, linaondoa nusu ya mwaka. Mtu ambaye rejesho lake la benki linahitaji miezi yote kumi na miwili ilipwe kwa tarehe, bila hata mmoja kuteleza, atakuwa matatani siku ambayo kazi ya mtu mwingine kabisa, katika kampuni asiyoijua, itakapopotea. Ningemwambia asubiri mpaka awe na kodi ya miezi mitatu au minne pembeni, isiyoguswa kwa matengenezo wala sherehe. Fungu hilo halimlipi tu wakati wa deni. Linabadilisha sauti yake siku ya tatu anapogonga mlango wa mpangaji, kwa sababu anaweza kuuliza kumetokea nini na akaketi kusikiliza jibu mpaka mwisho, bila benki yake mwenyewe kumpigia simu mfukoni.